Mkaguzi amekataa hataza yangu ya mwendo wa waya. Nimjibu nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Nyakato hapa Mwanza. Tunatengeneza matangi na mageti, na mara nyingi tunaitwa ziwani kuziba maboti ya chuma. Umeme ukishuka, au tukiwa kwenye jenereta, mashine ya waya inaanza kugonga: waya unafika kwenye chuma kabla haujayeyuka, unaisukuma tochi nyuma, cheche zinatapakaa. Nimetengeneza kisanduku chenye chipu, kinapima volti ya tao (ule moto wa umeme kati ya waya na chuma) na kurekebisha mwendo wa waya chenyewe. Niliomba hataza, yaani haki ya kuulinda uvumbuzi wangu. Sasa nimepata barua ya mkaguzi. Anasema kwanza, njia yangu ni programu ya kompyuta na hesabu tu. Pili, hata kama si hivyo, fundi yeyote angeifikia kwa kuunganisha nyaraka mbili za zamani: moja inaeleza kifaa kinachobadili mwendo wa waya kwa kufuata wastani wa volti ya tao, nyingine kifaa kinachopima umeme unaoingia kwenye mashine na kupunguza mwendo umeme ukishuka. Nimekutumia ombi langu, barua yake na rasimu ya majibu yangu. Nina hoja, au niache? Na hataza ikitoka, itawazuia mafundi wa Kisumu na Jinja?

JIBU: Marahaba, fundi. Hoja unayo, ila haimo kwenye rasimu uliyonitumia. Humo unamwambia mkaguzi kwamba hakuna mtu Tanzania mwenye kisanduku kama chako, na kwamba kimekuokolea waya mwingi. Nakuamini kwa yote mawili, lakini hayakusaidii. Upya wa uvumbuzi haupimwi kwa kuzunguka karakana za Nyakato na Igoma. Andiko lililochapishwa Osaka miaka 40 iliyopita, ambalo wewe wala mimi hatujawahi kuliona, linatosha kukuangusha. Na kuokoa waya ni sifa ya bidhaa. Mkaguzi hanunui bidhaa.

Nianze na lile chungu. Dai lako la kwanza (dai ni sentensi inayoweka mpaka wa kile unachotaka kilindwe) linasema, kwa ufupi, kwamba volti ya tao inapimwa na mwendo wa waya unabadilishwa kulingana nayo. Hilo limekufa, na si kwa sababu ya waraka wa kwanza wa mkaguzi peke yake. Mwaka 1920 P. O. Nobel wa kampuni ya General Electric ya Marekani alitengeneza uchomeleaji wa kujiendesha: waya mtupu, umeme wa DC, na volti ya tao ndiyo iliyokuwa ikiamua waya uende kasi gani. Huo ni mwaka ambao mashine yako ya waya yenye gesi haijazaliwa. Hiyo ilitoka kwenye taasisi ya Battelle mwaka 1948. Mitambo mikubwa inayochomelea chini ya unga wa flaksi hadi leo inatumia kanuni hiyo ya volti. Kwa hiyo usipoteze wino kulitetea dai la kwanza lilivyo. Lifute kwa mkono wako mwenyewe kabla mkaguzi hajalifuta.

Sasa fungua maelezo yako, ukurasa wa saba. Nilipofika hapo nilisimama, nikarudi kusoma upya. Umeandika hivi: "Kifaa hakifuati wastani wa volti. Kinapima kila shoti imedumu muda gani. Shoti zikirefuka kupita mara moja na nusu ya kawaida yake, kinapunguza waya. Volti ikishuka bila shoti kurefuka, hakigusi kitu." Halafu ukaendelea na aya inayofuata kueleza rangi ya kisanduku na aina ya skrubu.

Fundi, uvumbuzi wako ni hizo sentensi nne. Hasa ile ya mwisho.

Nitakuonyesha kwa nini, maana usipoielewa mwenyewe kwa undani hutaweza kumwelewesha mtu aliyekaa ofisini na hajawahi kushika tochi. Mashine yako ni ya volti thabiti: inajitahidi kuishika volti ile ile, na mkondo ndio unaopanda na kushuka. Kwa waya wa milimita 0.8 na gesi ya CO2, kwa kiwango cha chini, chuma hakirushwi kama mvua. Waya unagusa kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, shoti inatokea, mkondo unapanda ghafla, unalibana tone na kulikata, tao linawaka tena. Hilo linajirudia kati ya mara 20 na 200 kwa sekunde, na kila shoti ni milisekunde chache tu. Sikio lako linaisikia kama mafuta yanayokaanga dagaa. Ikienda vizuri, inaimba sawasawa.

Volti ya tao inaweza kushuka kwa sababu zilizo mbalimbali kabisa. Moja ni mkono: fundi amechoka, au amebadili pembe, tochi imesogea karibu na chuma. Kipande cha waya kinachotoka nje ya tipu ya tochi kimekuwa kifupi, ukinzani umepungua, mkondo umepanda, na volti ya mashine imeteremka kidogo. Hapo mashine inajirekebisha yenyewe, na jambo la busara ni kuuacha mwendo wa waya ulivyo. Sababu nyingine ni njaa: umeme wa volti 230 umeshuka hadi 190, jenereta inahema, au klampu ya ethi (ile inayorudisha umeme kwenye mashine) imebanwa kwenye kutu ya boti. Hapo tao halipewi chakula cha kutosha kuyeyusha waya unaokuja. Hapo kweli waya upunguzwe.

Kifaa kinachofuata wastani wa volti hakijui tofauti ya njaa na mkono. Vyote viwili kwake ni volti iliyoshuka, na dawa yake ni moja: punguza waya. Akisogea fundi karibu, kifaa kinaupunguza waya bila sababu, mkondo unateremka, na mshono unakaa juu ya bati kama ugali uliopoa, haukuzama. Kwenye geti hutajua. Kwenye boti utajua ukiwa katikati ya ziwa.

Muda wa shoti unaijua tofauti hiyo. Katika njaa, mkondo wakati wa shoti unapanda polepole na kilele chake ni kifupi, kwa kuwa volti inayousukuma ni ndogo au ukinzani njiani umeongezeka. Basi tone linachelewa kukatika na shoti inarefuka. Katika kusogea kwa mkono, ukinzani umepungua, mkondo unapanda haraka zaidi, na shoti hairefuki. Dalili ni moja kwa nje, maradhi mawili kwa ndani, na wewe umepata kipimo kinachoyatenganisha. Hiyo ndiyo hatua ya kivumbuzi, yaani kile ambacho fundi wa kawaida asingekifikia, na ndiyo unayopaswa kuiandika.

Mkaguzi atafuata hatua zinazojulikana katika kazi yake. Atachukua waraka ulio karibu zaidi na wako (hapa ni ule wa wastani wa volti), atauliza njia yako inatofautiana nao wapi, tofauti hiyo inaleta faida gani ya kiufundi, kisha atauliza kama fundi wa kawaida wa fani hii, mwenye waraka huo mkononi na anayetafuta faida hiyo, angefanya ulivyofanya. Tazama neno hilo vizuri: angefanya, si angeweza. Kuweza, angeweza, chipu yako inauzwa madukani na kupima milisekunde ni kazi nyepesi kwake. Kesi yako yote imo kwenye nafasi iliyopo kati ya maneno hayo mawili. Je, kuna sentensi yoyote katika nyaraka hizo mbili inayomsukuma fundi kuacha kupima kiasi na kuanza kupima muda? Nimezisoma, sikuiona. Waraka wa kwanza hata haujui kwamba una tatizo. Unaujivunia wastani wake kuwa ni laini, hauyumbishwi na shoti. Maana yake umezichuja shoti na kuzitupa kama takataka. Wewe umeokota kile ambacho waraka huo umekitupa. Hiyo nukuu ya waraka wenyewe iweke kwenye jibu lako, na namba ya aya.

Waraka wa pili ndio ulionitia wasiwasi zaidi, kwa sababu unapima umeme unaoingia, kwa hiyo njaa ya umeme wa ukutani inaiona mapema kuliko wewe. Mkaguzi akikuambia "unganisha viwili", usimwambie haviunganiki. Vinaunganika. Mwambie: haya, nimeviunganisha, sasa kipeleke kifaa hicho kwenye boti lenye kutu. Umeme wa ukutani ni mzima, volti 230 kamili, waraka wa pili uko kimya. Volti ya tao imeshuka kwa sababu ya klampu. Kifaa chako cha muungano kitajuaje kama ni kutu au ni mkono wa fundi? Hakina namna. Kikipunguza waya, kinakosea pale ilipokuwa mkono. Kisipopunguza, kinakosea pale ilipokuwa kutu. Kuviunganisha hakuleti njia yako. Unaona sasa faida ya kazi ya mwaloni, kule maboti yanakoegeshwa? Mtu wa maabara yenye meza safi na ethi ya shaba asingekutana na tatizo hili.

Lakini usivimbe kichwa ukaandika kwamba hakuna aliyewahi kupima shoti. Utaumbuka. Watengenezaji wa mashine za kuchomelea wanaijua: Lincoln Electric wana njia yao ya STT inayoushusha mkondo shoti inapoanza na inapokaribia kukatika, ili tone lisipasuke. Fronius wana CMT, ambayo ikihisi shoti inaurudisha waya nyuma kabisa. Matoleo ya mwanzo yalikuwa yakifanya hivyo hadi mara 70 kwa sekunde. Wote hao wanaijua shoti kwa jina na ukoo. Tofauti yako ni kwamba wao wanaishughulikia shoti ile ile iliyopo, tone kwa tone, kwa mashine za bei ya gari. Wewe unazikusanya shoti nyingi, unasoma mwenendo wake, na unautumia kuamua kama waya uguswe au usiguswe. Liseme hilo wewe mwenyewe kabla hajakuuliza. Na kabla ya kujibu, kaa usiku mbili tatu kwenye Espacenet na Patentscope, hifadhi za hataza za mtandaoni, zote za bure, uchunguze makundi ya B23K 9/12 na B23K 9/095. La kwanza ni ulishaji wa waya, la pili ni udhibiti wa vipimo vya uchomeleaji. Ukikuta mtu ametangulia kuutumia muda wa shoti kutenganisha sababu, nipigie kabla hujatuma chochote.

Kuhusu "programu na hesabu tu", hapa nitakwenda haraka kwa sababu pingamizi hili ni dhaifu kuliko linavyotisha. Sheria ya Hataza yetu ya 1987, Sura ya 217, inaueleza uvumbuzi kuwa ni suluhisho la tatizo mahususi katika fani ya teknolojia, liwe kitu au mchakato. Itifaki ya Harare ya 1982, inayoendeshwa na ARIPO, shirika la kanda la Afrika la miliki ubunifu, inaziengua programu za kompyuta na kanuni za hesabu, lakini kinachoenguliwa ni hesabu yenyewe ikisimama peke yake. Mstari huo umechorwa vizuri na kesi mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani, ambazo hazitufungi sisi ila zinafundisha. Mwaka 1978, katika kesi ya Flook, mtu alikuwa na njia ya kukokotoa upya kikomo cha king'ora katika mtambo wa kemikali. Hesabu iliishia kutoa namba mpya, basi. Akakataliwa. Mwaka 1981, katika kesi ya Diehr, watu walikuwa na njia ya kuivisha mpira: joto ndani ya kalibu linapimwa mfululizo, kompyuta inakokotoa upya kwa mlinganyo wa Arrhenius ambao ulishajulikana miaka mingi, na wakati ukifika presi inafunguka. Wakakubaliwa, kwa kura 5 dhidi ya 4. Mlinganyo ulikuwa wa zamani. Mpira ulioiva sawasawa ulikuwa mpya.

Kwa hiyo dai lako lianzie kwenye waya na liishie kwenye waya. Likiishia "kifaa kinakokotoa thamani", wewe ni Flook. Likiishia "mota inapunguza mwendo wa rola", uko upande wa pili. Mimi ningeliandika hivi, kisha ulitafsiri kwa lugha ya ombi lako:

"Njia ya kudhibiti mwendo wa waya katika uchomeleaji wa tao kwa chanzo cha volti thabiti, ambamo: muda wa kila shoti kati ya waya na kidimbwi unapimwa, muda wa kawaida unawekwa kutokana na shoti za mwanzo wa mshono, wastani wa muda wa shoti zinazofuata unalinganishwa na muda huo wa kawaida, mota ya rola inapunguzwa mwendo pale wastani huo unapozidi mara moja na nusu ya muda wa kawaida, na mwendo wa mota unaachwa bila kubadilishwa pale volti ya tao inaposhuka bila wastani huo kuvuka kikomo hicho."

Angalia nimetumia uwiano wako, si milisekunde. Ungeandika "milisekunde 5", jirani angeweka waya wa 1.2 au gesi mchanganyiko, kikomo kikawa kingine, akapita pembeni yako akicheka. Na angalia pia kwamba kila kipande kimo tayari kwenye ukurasa wa saba na wa nane. Hili ni la lazima. Dai unaweza kulirekebisha, lakini kwa yale tu yaliyokuwemo siku ulipowasilisha ombi. Ile aya mpya uliyoichomeka kwenye rasimu, ya kupima joto la mota, itoe. Hukuiandika mwanzo, na ukiibakiza utampa mkaguzi sababu nyingine ya kukukatalia. Kama wazo la joto unalipenda, ni ombi lingine, na usilionyeshe kwa mtu kabla ya kuliwasilisha. Nilijifunza hilo kwa gharama: miaka ya nyuma niliwasilisha mada kwenye semina nikiwa na picha za mtambo wangu, wiki tatu baadaye nikaanza kuandika ombi. Mlango wa Ulaya ulikuwa umeshafungwa, na nilikuwa nimeufunga mwenyewe huku nikipigiwa makofi.

Vipimo, tofauti na maelezo, unaruhusiwa kuvipeleka sasa kama ushahidi wa kile ulichokwisha kusema. Ningependa uvifanye kabla ya barua. Chukua bati za unene mmoja, waya wa rolu moja, fundi mmoja. Fanya mishono ya hali tatu: umeme ulioshushwa kwa makusudi, klampu iliyobanwa juu ya kutu, na tochi iliyosogezwa karibu. Kila hali irudie kwa kifaa kinachofuata wastani wa volti (unaweza kubadilisha programu ya kisanduku chako kifanye kazi hivyo), kwa kifaa cha muungano, na kwa chako. Pima uzito wa bati kabla na baada, na uzito wa waya uliotumika. Tofauti ndiyo iliyoruka kama cheche. Kisha kata mshono, ung'arishe, uupake tindikali ili kina cha kuzama kionekane, upige picha na rula pembeni. Osiloskopu iazime chuoni, uhifadhi mawimbi ya volti na mkondo. Matokeo yakija mabaya katika hali moja, usiyafiche. Dai lipunguzwe liendane nayo. Mkaguzi akiona jedwali lenye sehemu moja dhaifu anaziamini zile nyingine nane.

Ongeza pia dai la kifaa: kidhibiti chenye sehemu ya kupima volti, chipu iliyopangwa kufanya hatua hizo, na kiendeshi cha mota. Njia inatumika ndani ya karakana ya mtu, mlango umefungwa, utamkamataje? Kifaa kinauzwa dukani, unaweza kukinunua, ukakifungua, ukakionyesha hakimu. Na kama hatua ya kivumbuzi itakataliwa mpaka mwisho, kipo kimbilio cha ngazi ya chini kinachoitwa modeli ya matumizi. Itifaki ya Harare inakitaja waziwazi pamoja na saketi za umeme na elektroniki, lakini kinahusu umbo na mpangilio wa kitu, hivyo kitakufaa kwa kisanduku, si kwa njia. Nisingekikimbilia mapema. Ukurasa wa saba una nguvu ya kupata hataza kamili.

Umeuliza mwishoni kama hataza hii itawazuia mafundi wa Kisumu na Jinja. Itawazuia kama Kenya na Uganda zilitajwa kwenye ombi lako. Kwenye fomu uliyonitumia naiona Tanzania peke yake. Una miezi 12 tangu siku ya kuwasilisha ombi la kwanza kudai tarehe hiyo hiyo katika nchi nyingine, na kwa hesabu yangu imebaki miwili na siku kadhaa. Hilo lishughulikie wiki hii, hata kabla ya vipimo. Muda wa kumjibu mkaguzi umeandikwa ukurasa wa kwanza wa barua yake. Ukiona vipimo havitawahi, omba nyongeza kwa maandishi kabla tarehe haijapita, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.